Gari gani livute trela gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wanaotaka kununua trela ya kulala, ile yenye vitanda, jiko na choo, na kuivuta kwa gari la familia. Maswali haya hurudi kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa. Vipimo viko kwa kilo, lakini vibandiko vya magari ya huku mara nyingi huanza na paundi, kwa hiyo kumbuka kwamba paundi 1,000 ni kama kilo 454.

Tangazo linasema pikapu yangu inavuta kilo 4,500. Mbona mnasema trela ya kilo 3,400 itanishinda?

Kwa sababu mbali na kuivuta, pikapu itaibeba. Ekseli za trela ya kulala ziko katikati au nyuma kidogo ya katikati, hivyo sehemu ya uzito wake inaegemea mbele, kwenye shingo inayokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari lako. Uzito huo wa shingo unahesabiwa kuwa mzigo wa gari, sawa na mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Kwenye magari mengi ya familia na pikapu za kawaida, uwezo wa kubeba unaisha mapema kuliko uwezo wa kuvuta. Matangazo yanataja uwezo wa kuvuta kwa maandishi makubwa. Uwezo wa kubeba ni lazima uutafute mwenyewe.

Tupige hesabu. Pikapu ina uwezo wa kubeba kilo 680. Trela ikijazwa hadi kikomo chake inafika kilo 3,400, na shingo ikichukua asilimia 13 ni kilo 442. Kiungio cha kugawa uzito, kile chenye nondo zinazorudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele, pamoja na vyuma vyake ni kilo 40 hivi. Zimebaki 198. Baba ana kilo 85 na mama 75, kwa hiyo zimebaki 38. Bado watoto wanne hawajapanda, bado kreti za soda, bado mkaa na jiko la kuchomea nyama. Gari limezidiwa kabla mtoto wa pili hajafunga mkanda, na ile namba ya 4,500 hata hujaikaribia.

Sasa chukua trela ambayo kikomo chake ni kilo 2,200. Shingo ni 286, kiungio 40, jumla 326. Zinabaki 354. Toa wazazi 160 na watoto wote wanne 140, zinabaki 54 za mizigo ya ndani ya gari. Ni familia ileile na pikapu ileile, ila sasa inaweza kusafiri. Hesabu hii ifanye kwa karatasi na kalamu kabla hujakwenda kuangalia trela yoyote, maana ukishaingia ndani na watoto wakaanza kugombea vitanda vya juu, karatasi hutaitoa tena.

Uwezo wa kubeba wa gari langu nauona wapi?

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango, karibu na kitasa kinapofungia, utakuta kibandiko cheupe chenye ukingo wa njano kinachoonyesha pia upepo wa matairi. Juu yake kuna sentensi inayosema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa au paundi kadhaa. Namba hiyo ndiyo yako. Usiichukue kwenye mtandao wala kwenye kipeperushi, kwa sababu magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kupishana kwa zaidi ya kilo 200 kutokana na ukubwa wa kabini, magurudumu yote manne kuvuta, paa la kioo, viti vya ngozi na madoido mengine. Mara nyingi gari la kifahari zaidi katika aina yake ndilo lenye uwezo mdogo zaidi wa kubeba.

Namba hiyo inamjumuisha dereva. Tangi la mafuta lililojaa limeshahesabiwa kiwandani, kwa hiyo usilitoe tena. Lakini kila ulichoongeza baadaye, kama kifuniko cha nyuma ya pikapu, bampa la chuma au matairi makubwa, kinakula humo humo.

Pembeni yake kuna kibandiko kingine chenye herufi GVWR, ambazo ni uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na kila kitu, na GAWR, ambazo ni kikomo cha kila ekseli. Ekseli ya nyuma ndiyo inayopokea shingo ya trela, na wakati mwingine ndiyo inayozidiwa hata kama jumla ya gari bado iko sawa. Herufi GCWR, yaani uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, kwa kawaida ziko kwenye kitabu cha gari.

Muuzaji wa trela kaniambia ina kilo 1,900 tu. Nitumie namba hiyo?

Hapana. Huo ni uzito wa trela tupu. Mara nyingi hauhesabu maji, chakula, vyombo, matandiko, nguo, mabomba, viti vya kukunja, na wakati mwingine hata betri au gesi iliyo kwenye mitungi. Hakuna anayesafiri na trela tupu. Familia ya watu sita huongeza kilo mia kadhaa bila kuhisi, kwa sababu vitu vinaingia kimoja kimoja.

Tumia GVWR ya trela, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nje upande wa kushoto mbele. Karibu na mlango wa trela kuna kibandiko kingine kinachosema ni kilo ngapi za mizigo unazoruhusiwa kupakia, na kinataja maji yakijaa yana uzito gani. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 ni kilo 150. Kama kambi unayokwenda ina bomba, beba maji kidogo ya njiani tu, ujaze ukifika.

Angalia pia tofauti kati ya uzito mtupu na kikomo. Ziko trela nzuri kwa macho ambazo zinakuachia kilo 300 tu za mizigo. Hiyo ni ya watu wawili, si ya familia.

Kwa nini shingo iwe asilimia 10 hadi 15? Ikiwa nyepesi si gari litapumua?

Gari litapumua, lakini trela itayumba. Shingo ikiwa chini ya asilimia 10 ya uzito wa trela iliyopakiwa, sehemu ya nyuma ya trela inakuwa nzito. Upepo wa pembeni ukiipiga, au lori likiipita kwa kasi, nyuma inasukumwa, halafu inarudi ikiwa na nguvu zaidi, inavuka upande wa pili, inarudi tena. Kila mzunguko unakuwa mpana kuliko uliotangulia, na ndani ya sekunde chache mkia wa trela unaamua gari lako lielekee wapi. Ajali nyingi za trela kupinduka barabara kuu zinaanza hivyo, kwenye barabara iliyonyooka na siku isiyo na mvua.

Ikizidi asilimia 15 tatizo linageuka. Nyuma ya gari inakaa chini, mbele inainuka, matairi ya mbele yanapoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapungua nguvu. Usiku utawajua waliozidisha uzito wa shingo kwa taa zao: wanaokuja mbele yako wanakumulikia macho ilhali hawajawasha taa kali.

Kwa hiyo pakia vitu vizito chini, karibu na ekseli au mbele yake kidogo. Kanuni ya kawaida ni asilimia 60 ya mizigo iwe mbele ya ekseli. Epuka kufunga baiskeli nne na jenereta kwenye bampa la nyuma la trela. Kilo 100 huko mwisho kabisa zinainua shingo kwa kiasi kinachoshangaza. Na ujue tangi la maji liko upande gani wa ekseli, kwa sababu likijaa au kuisha uzito wa shingo unabadilika.

Nitajuaje uzito halisi? Nyumbani sina mizani ya kupimia nyumba.

Nenda mizani ya malori. Vituo vingi vya malori vya Marekani na Kanada vina mizani ya CAT Scale, na gharama yake haizidi bei ya chakula cha mchana. Wengi wetu tuna kaka au shemeji anayeendesha lori. Mwombe akupeleke mara ya kwanza, kwake ni jambo la kila siku. Pima ukiwa na familia nzima ndani, mafuta yamejaa, trela imepakiwa kama siku ya safari.

Pima mara mbili. Mara ya kwanza gari likiwa limefungwa trela, nondo za kugawa uzito zikiwa zimelegezwa. Karatasi itakupa ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma na ekseli za trela. Halafu egesha trela mahali panaporuhusiwa, rudi upime gari peke yake. Tuseme gari na trela kwa pamoja ni kilo 4,680, ambazo 2,930 ziko kwenye ekseli za gari na 1,750 kwenye za trela. Gari peke yake ni 2,650. Basi trela nzima ni 4,680 kutoa 2,650, yaani 2,030. Shingo ni 2,930 kutoa 2,650, yaani 280. Gawanya 280 kwa 2,030 upate karibu asilimia 14. Hapo uko salama, mradi ekseli ya nyuma haijavuka kikomo chake.

Karatasi hiyo itunze ndani ya gari. Ukibadilisha upakiaji sana, rudi ukapime tena.

Namba ya kuvuta ya kampuni za magari inatoka wapi? Ni ya kubuni?

Siku hizi si ya kubuni. Zamani kila kampuni ilijipimia inavyotaka. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kipimo kinachoitwa J2807, Toyota ikawa ya kwanza kukifuata kwa magari ya 2011, na wengine wakafuata. Sehemu ngumu ya jaribio hilo imechukuliwa kutoka mlima wa Davis Dam, barabara ya 68 huko Arizona: gari linapanda kilomita 18 hivi kwenye joto la nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mwisho, na pikapu ya matairi mawili nyuma haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa.

Ni jaribio la kweli. Ila linafanywa likiwa na dereva na abiria mmoja, kila mmoja akihesabiwa kilo 68, na vifaa vichache. Hakuna watoto wanne na hakuna bibi kiti cha nyuma. Kila mtu unayemwongeza na kila begi vinapunguza uwezo wako wa kuvuta. Kwa hiyo namba ya tangazo ichukue kama dari. Mimi hupendekeza uache asilimia 20 chini ya dari hilo, na kama njia yako ina milima mirefu, zaidi ya hapo.

Nina Sienna. Naweza kuvuta trela ya kulala?

Ndogo, ndiyo. Toyota Sienna ya sasa imepewa kilo 1,588, sawa na paundi 3,500, na ndiyo gari la familia nyingi za kwetu. Trela za kukunja za turubai na zile ndogo zenye umbo la tone la maji zinaingia humo. Trela ndefu yenye vitanda vya ghorofa haiingii, hata kama aliyewahi kuijaribu anasema alifika. Kumbuka pia kwamba Sienna iliyojaa watu saba imeshatumia karibu uwezo wake wote wa kubeba, na shingo haina pa kukaa.

Kwa magari ya aina ya SUV soma kitabu kwa makini. Honda Pilot ya magurudumu manne kuvuta imepewa kilo 2,268, lakini magari ya kundi hilo huwa na masharti: vipozeo vya ziada vya oili ya giaboksi, kikomo cha uzito wa shingo, na wakati mwingine kikomo cha eneo la uso wa mbele wa trela kwa mita za mraba. Hilo la mwisho watu hawalitazami kabisa. Trela ya kulala ni ukuta unaosukuma hewa, na trela nyepesi lakini ndefu kwenda juu inaweza kulichosha gari kuliko trela ya mizigo nzito iliyo fupi.

Angalia pia umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Gari fupi linasukumwa kirahisi na trela ndefu, hata kama kilo zote ziko sawa.

Kiungio cha kugawa uzito kinafanya nini hasa? Ni lazima?

Kina nondo mbili za springi zinazotoka kwenye kiungio na kushikwa na fremu ya trela. Zikikazwa zinainua nyuma ya gari na kurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele, na nyingine kwenye ekseli za trela. Vingi vina pia kizuizi cha kuyumba. Kwa trela iliyozidi kilo 1,600 hivi nyuma ya pikapu ya kawaida mimi sioni sababu ya kutokuwa nacho, na watengenezaji wengi wanakitaka kuanzia uzito fulani. Lakini wako wanaokikataza kwenye baadhi ya magari, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Kukifunga tu hakutoshi, kirekebishwe. Chukua futi kamba. Pima kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la mbele, gari likiwa peke yake. Tuseme sentimita 92. Funga trela bila nondo, pima tena. Tuseme imepanda hadi 95. Kaza nondo, pima mara ya tatu. Kitabu kitakuambia ule mpando wa sentimita 3 upungue kwa kiasi gani. Wengine wanataka nusu, wengine zaidi. Duka lililokuuzia likikufungia bila kupima mahali popote, rudi ukadai wapime.

Na elewa jambo moja: kiungio hiki hakiongezi uwezo wa gari. Vivyo hivyo mifuko ya hewa na springi za nyongeza. Zinainua nyuma ya gari hadi lionekane limekaa sawa, lakini ekseli, fremu, breki na matairi ni vilevile, na namba ya kibandiko haibadiliki.

Tufe la chuma ni lolote tu?

Hapana. Ukubwa wa tufe lazima ulingane na tundu la shingo ya trela, kwa kawaida inchi 2 au inchi 2 na 5/16. Tufe dogo kwenye tundu kubwa litaonekana limeshika, kisha litachomoka kwenye shimo la kwanza. Kila kipande, tufe, kiungio na boriti iliyofungwa chini ya gari, kina namba yake ya kilo, na ile ndogo kuliko zote ndiyo kikomo chako. Ukimaliza kufunga, inua shingo kwa jeki ya trela: nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, imeshika.

Breki za gari langu ni nzuri. Nahitaji breki za trela?

Ndiyo. Majimbo mengi ya Marekani yanazitaka trela ikizidi paundi 3,000, yaani kilo 1,360, na Ontario nayo inatumia kilo 1,360. California inaanza kwenye paundi 1,500, Texas kwenye 4,500. Lakini usisubiri sheria. Trela ya kilo 2,000 isiyo na breki inaisukuma pikapu yako mbele kila unapokanyaga, na breki zilizotengenezwa kusimamisha gari moja zinapata moto wa magari mawili.

Trela nyingi za kulala zina breki za umeme, ambazo hazifanyi kazi bila kidhibiti cha breki ndani ya gari. Baadhi ya pikapu zinatoka nacho kiwandani, nyingine unafungiwa. Kirekebishe kwenye uwanja mtupu kwa mwendo mdogo: ongeza nguvu hadi matairi ya trela yakaribie kukwama, kisha punguza kidogo. Zoea kukipapasa kwa mkono bila kukitazama. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Halafu kuna waya mwembamba unaotoka kwenye trela na kufungwa kwenye gari, ambao trela ikichomoka unafyatua breki zake kwa nguvu ya betri ya trela. Ufunge kwenye gari lenyewe, kamwe usiufunge kwenye kiungio kinachoweza kuchomoka pamoja na trela. Betri ikiwa imekufa, waya huo ni pambo. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya shingo, ili shingo ikianguka ilale juu yake badala ya kuchimba lami.

Trela imeanza kuyumba nikiwa barabara kuu. Nifanye nini?

Shika usukani uwe umenyooka. Toa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, kwa sababu gari litapungua kasi kabla ya trela na trela itakuja kulikunja kutoka nyuma. Usijaribu kuifuata kwa usukani, kila upande unaogeuza unaichochea. Usiongeze mwendo ukidhani utaivuta inyooke. Peleka mkono kwenye kidhibiti cha breki, sukuma kile kitufe cha mkono polepole hadi breki za trela peke yake zishike. Trela inavutwa nyuma na mstari unanyooka.

Ikitulia, toka barabarani mahali salama, ushuke utafute sababu. Mara nyingi utaikuta: mizigo iko nyuma mno, upepo wa tairi umepungua, au mwendo ulikuwa mkubwa. Kuendelea na safari bila kubadilisha chochote ni kuingoja itokee tena.

Mwendo gani unafaa?

California, gari lolote linalovuta trela haliruhusiwi kuzidi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88. Kwingine sheria ni pana zaidi, lakini matairi mengi ya trela, yale yenye herufi ST, yametengenezwa kwa maili 65 tu, sawa na kilomita 105, isipokuwa ubavuni yawe yameandikwa vingine. Mimi nasema maili 60 na foleni ya nyuma ikusubiri. Acha nafasi mara mbili ya ile uliyozoea mbele yako.

Tunataka kupanda milima ya Colorado. Gari letu litaweza?

Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Eisenhower Tunnel kwenye barabara ya I-70 iko karibu mita 3,400. Ukifika kwenye handaki hilo, theluthi ya nguvu ya injini ya namna hiyo imekwenda, trela ikiwa na uzito uleule. Injini yenye tabo inapoteza kidogo sana, na ndiyo maana waishio milimani wanaipenda. Ukipanda, baki njia ya kulia na malori, angalia joto la rejeta na la giaboksi, na likipanda usione haya kusimama.

Kushuka ndiko kunakoua. Washa hali ya kuvuta kwenye giaboksi, shusha gia kabla mteremko haujaanza, uiache injini ishike mwendo. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, ziachiwe zipoe, zikanyagwe tena. Anayeegemeza mguu kwenye breki mteremko mzima atasikia harufu ya kuungua, kisha kanyagio litakwenda chini bila kushika kitu. Zile njia za mchanga na kokoto pembeni mwa mteremko, zilizowekwa kwa ajili ya malori yaliyokosa breki, na wewe unaruhusiwa kuzitumia. Ni bora trela ivunjike humo.

Pikapu ya umeme inafaa?

Nguvu inayo, kupita nyingi za petroli. Shida ni umbali: ukivuta trela ya kulala, unapungua kwa karibu nusu, mara nyingine zaidi upepo ukiwa wa mbele. Na vituo vingi vya kuchaji vimejengwa kwa kuegesha gari peke yake, kwa hiyo utafungua trela ili uchaji, kisha uifunge tena. Kwa kambi iliyo karibu ni gari zuri sana. Kwa safari ya Columbus hadi Yellowstone, panga siku za ziada.

Watoto wanaweza kulala ndani ya trela wakati tunakwenda?

Hapana. Hakuna mikanda, kuta ni nyembamba, na trela ikichomoka wako peke yao. Majimbo mengi yanakataza, na hata pale yasipokataza, wapande garini.

Nahitaji leseni maalumu?

Kwa trela ya kawaida ya familia, mara nyingi leseni yako ya kawaida inatosha. Ontario, kwa mfano, leseni ya daraja la G inaruhusu trela hadi kilo 4,600. Lakini majimbo yana mipaka yao, kwa hiyo tazama ya kwako na ya yale unayopita. Walioko Ulaya wana utaratibu tofauti: leseni ya B inahesabu kilo 3,500 kwa gari na trela pamoja trela ikizidi kilo 750, kisha kuna B96 hadi kilo 4,250, na BE juu ya hapo. Uingereza ilibadilisha wakati wa Desemba 2021, na sasa mwenye B anavuta hadi kilo 3,500. Huko pia shingo huwa nyepesi, asilimia 5 hadi 7 hivi, kwa sababu trela zao na sheria zao za mwendo ni tofauti. Usichanganye ushauri wa pande hizo mbili.

Bima nayo ipigie simu kabla. Uliza wazi: trela ikimgonga mtu nikiwa naivuta, nani analipa, na trela yenyewe ikiharibika je?

Trela ya mtumba ina matairi yenye kashata nzuri. Niyaache?

Soma umri, usiangalie kashata. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya trela hukaa juani miezi mingi bila kutembea na yanaoza ndani yakiwa bado na kashata. Yakishafika miaka mitano au sita, badilisha. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka yakiwa bado baridi, na uyajaze kama kibandiko cha trela kinavyosema. Tairi lenye upepo pungufu linapata joto, na joto ndilo linalolipasua.

Siku ya kwanza njiani niangalie nini?

Simama baada ya kilomita 80 hivi. Kaza nati za magurudumu ya trela kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha trela, maana magurudumu yaliyofungwa karibuni hulegea. Rudia kwenye kituo kinachofuata. Sogeza mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa: kimoja kikiwa na joto kali kuliko wenzake, beringi imechoka au breki imeng'ang'ania, na safari isiendelee hadi fundi aione. Tazama shingo imekaa kwenye tufe, kufuli yake imefungwa na pini iko mahali pake, minyororo haiburuzi, plagi ya umeme haijalegea, na mtu mmoja asimame nyuma huku mwingine akikanyaga breki na kuwasha indiketa za pande zote mbili.